Gunia Lenye Alama

Chumba nilichopanga Newala kina kuta za saruji tupu,
rangi ya uji uliopoa.
Bi Somoe Nangumbi alinikabidhi ufunguo, akasema,
"Msumari mmoja tu, mwalimu. Ukuta wangu si papai."

Jumamosi niliwahi mnadani, ukungu haujainuka,
Mchopa anakata kamba za marobota.
"Mia tano, mia tano, hata ya kufutia miguu!"
Wenzangu wanagombea magauni.
Mimi nachakura chini, kwenye vilivyokataliwa:
kitambaa cha meza chenye tundu la pasi,
sweta ya mtoto wa nchi fulani yenye baridi,
koti lisilo na mkono mmoja, ila vifungo vyote saba vipo.
"Hili utavaa wewe au nusu yako?"
Nikamwambia nanunua vifungo. Koti anipe nyongeza.

Kitambaa cha meza kikawa pazia.
Tundu la pasi sikulishona.
Asubuhi jua hupenya pale, duara kama kisahani,
hutambaa sakafuni bila haraka;
likigusa mguu wa kitanda, najua nimechelewa kengele.

Sweta niliifumua usiku, umeme umekatika,
kibatari kwenye kigoda.
Uzi wa bluu ulikataa kunyooka,
kama nywele zinazokumbuka msuko.
Nikauzungusha hivyo hivyo kwenye chupa ya mafuta ya kula,
nikachomeka mabua ya ufuta, maganda yakiwa midomo wazi.
Mlango ukibamizwa, punje mbili tatu hudondoka.
Sisimizi wameshajua njia.

Si kila kitu kilikubali.
Tenga la kuku nililigeuza kivuli cha taa:
nilipoiwasha, ukuta mzima ukawa nondo za mahabusu,
na chumba kikanuka kuku siku nne.
Tenga limerudi kwa kuku.
Mfuko wa salfa, nilioufua mara tatu,
Bi Somoe aliunyanyua kwa ncha ya kijiti.
"Huu, nje. Utapiga chafya mpaka mikorosho ichanue."

Kwa karani wa ghala nilipata magunia manne,
yametobolewa na panya, bei ya chumvi.
Moja nililikata vipande nikasuka zulia.
La pili likameza pamba kuukuu, likawa mto,
unakwaruza shavu, lakini ni mto.
La tatu nililigeuza nje ndani,
mkasi nimeshaufungua,
nikaona alama: duara lililopinda, lenye mkia,
kama korosho na bibo lake,
rangi ya kijani iliyobaki kwenye mlango wetu wa Kitangari.

Baba hajui kuandika jina lake.
Hulichora.
Korosho zimekwenda, sijui bandari gani, bakuli la nani.
Malipo ya pili bado anayaulizia.
Gunia limerudi, mikono mitupu kama yeye.

Nikaweka mkasi chini.
Nikalilowanisha, nikalikung'uta, nikalianika likiwa limewambwa.
Vifungo saba vya koti nikavishonea ukingoni,
vinne juu, vitatu chini. Cha nane sina.
Kisha nikautumia msumari wangu.

"Watu hutundika Makka," Bi Somoe alisema mlangoni,
"au kalenda ya benki."
"Ndiyo, bibi."
"Wewe gunia."
"Ndiyo."
Hakuondoka upesi.

Ijumaa baba alifika na mihogo, tope kwenye kandambili.
Alilipita zulia kwa pembeni, kama mtu anayekwepa mkeka wa swala.
Akaliona.
Akavua kofia, akasogea, akapitisha kidole gumba
juu ya mkia wa lile duara.
Mimi nilikuwa nimeshaandaa maneno, hata yalipo sasa sijui.

"Hili lilikuwa na kilo themanini na moja," akasema.
"Waliandika sabini na tisa."

Akaketi kwenye mto, akaukuna kidogo kwa kucha,
akaomba maji.